Ambakisye Alivyowahi Mazishi Kutoka Dubai

Utanicheka, najua. Nicheke tu, lakini watu waliokuwepo Kisondela siku tuliyomzika bibi wapo hai, kawaulize.

Bibi alimlea mdogo wangu Ambakisye tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alipopata kazi Dubai, bibi alimshika masikio yote mawili akamwambia, "Nikifa, udongo wa kwanza uutupe wewe." Akaahidi. Basi bibi alipofariki, wazee wakaniuliza mimi, kwa sababu nina steshenari Tukuyu mjini na kompyuta yangu: huyu kijana atafika saa ngapi?

Nikahesabu kwa madaha. Kilomita kama elfu nne. Dubai mpaka Dar, saa tano na nusu angani. Dar mpaka uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, saa moja na nusu. Gari mpaka nyumbani, saa mbili. Anaruka saa moja asubuhi, saa kumi jioni tunaye! Baba mkubwa akaniamini, kaburi likachimbwa. Na kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi.

Mjinga mimi, nilijumlisha mwendo tu, nikasahau kwamba msafiri pia husubiri. Saa saba mchana ujumbe ukaingia: "Dada, nimetua Dar. Ndege ya Mbeya imeshaondoka, mpaka kesho. Msinizikie bibi." Niliumia, jamani. Nilitamani nizikwe mimi.

"Hatuwezi, mwanangu," baba mkubwa akaniambia. "Tutavuta mpaka kumi na moja, basi."

Kumi na moja ikafika, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabega yetu. Baba mkubwa anainama kuchota udongo, Ambakisye huyo, anatokea kwenye migomba! Shati jeupe, hana hata begi. Nani angemzuia? Baba mkubwa mwenyewe alimpisha. Akachota, akatupa, akasema kwa Kinyakyusa chake cha utotoni, "Ndaga fijo, bibi." Asante sana. Alipopita karibu yangu akanigusa bega.

"Dada, ulihesabu vizuri."

Hata machozi sijafuta, simu ikalia. Ambakisye. Yuko Dar, analia: "Mmeshamzika?" Nikageuka. Migomba na ukungu tu.

Niamini, sikuogopa. Nilimpenda mdogo wangu siku ile kuliko siku zote.

Kesho yake alifika mchana na begi lake. Baba mkubwa akamuuliza, "Umerudi?" Tulipomsimulia, alikaa chini pale pale. Akasema jioni ile, akiwa kwenye benchi la uwanja wa ndege, mkono wake wa kulia ulipoa ghafla kama ameshika udongo wa mvua. Mpaka leo hunipigia kutoka Dubai kila Jumapili, anataka nimweleze tena alivyosimama, alivyosema. Namweleza. Sichoki.

Kwa hiyo nawe, siku mkimsubiri mtu wenu kutoka mbali, naye akatokea kabla ya saa zake, usimuulize amepanda nini. Mpishe. Huenda ana dakika hizo tu.