Santuri ya Kiarmenia Dukani kwa Salum

Nilikuwa bwana shamba, nimerudi Bariadi kutoka masomoni Urusi na santuri ndogo ya Kiarmenia ambayo, kwa kukosa gramafoni, sikuwahi kuisikiliza. Siku moja nikamkuta Salum dukani kwake akipiga santuri kubwa, zumari na ngoma za kurukaruka, aliyopewa na Ndugu Aram, Mwarmenia aliyekuja kutibu ng'ombe wetu.

"Huo si muziki wa Kiarmenia," nikasema. "Wa kwao hasa ni wa huzuni."

"Aram mwenyewe kanipa," akajibu Salum.

Nikaenda nyumbani kuchukua santuri yangu; niliporudi nikaitoa yake, nikaweka yangu. Sauti ikatoka nzito, ikijikokota kama kilio. Wateja wakasogea karibu. Mzee mmoja wa Nkololo akavua kofia.

"Hawa walifiwa," akasema.

"Umenishinda, bwana shamba," Salum akakiri, akaniletea chai. Nikakaa kifua mbele, nikiwaeleza jinsi baridi ya milimani inavyotia majonzi kooni.

Aram akaingia, akasikiliza kidogo, kisha akasogeza kitufe cha mwendo kwenye gramafoni, kutoka mwendo wa santuri kubwa hadi ule wa kasi wa santuri ndogo. Wimbo wangu ukaanza kuruka, zumari na ngoma vilevile.

"Ndugu," akaniambia kwa upole, "huu tunauchezea harusini. Wewe ulikuwa unaupiga polepole mno."