Mume Wangu Anataka Amplifaya Mpya, Nami Najua Shida Iko Kwingine

Admin, nifichie jina. Mume wangu hana habari na mitandao, lakini wanakwaya wake wengi wamo humu ndani. Mkinitambua, nawaomba kwa heshima mnyamaze kwanza mpaka nipate la kufanya.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nimeolewa, nina watoto watatu, tunaishi Garsen. Mume wangu ni mkulima. Shamba letu liko upande wa Idsowe, na kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kusimama kando ya pampu ya maji, injini ikinguruma tangu asubuhi hadi jua linatua. Jumapili yeye ni mwalimu wa kwaya. Hatuna kinanda. Yeye hufunga macho, akatoa noti kwa mdomo, na wote wakaifuata. Hapa mtaani hawamwiti kwa jina, wanamwita Mwalimu, na mimi wananiita Mama Mwalimu, ingawa wa kumfundisha mtu wimbo si mimi.

Matatizo yalianzia kwenye tivi. Tuna amplifaya ya zamani ya spika mbili, na akaanza kulalamika kwamba imekufa. Mabomu ya sinema yanasikika, maneno hayasikiki. Basi anaongeza sauti mpaka vikombe vinacheza kabatini. Jirani yetu wa kabila la Waorma, yule mama anayetuletea maziwa, akaniambia huku anacheka, "Mama Mwalimu, sinema yenu mimi nasikia yote. Sasa tivi ya nini, mimi sinunui." Nilicheka naye, lakini aibu niliiona.

Halafu yakaja mengine. Nikiongea na dada yangu kwa simu jikoni, ananisimamia mlangoni, "Unanong'ona na nani?" Sinong'oni jamani. Binti yetu akimjibu anaambiwa ana kiburi, anaongea mdomo umefungwa. Siku moja akaniambia mbele ya watoto kwamba mwanamke asiye na siri haongei chini chini. Iliniuma sana. Niliingia jikoni nikalia, kwa sababu tangu anioe sijawahi kumpa sababu ya kunishuku.

Wiki iliyopita akasema twende kwa fundi tubadilishe amplifaya. Nilifurahi, nikasema labda amani itarudi. Fundi alikuwa na mbili. Moja ni ya spika tano, na ile ya katikati inakaa chini ya tivi. Fundi akatueleza kwamba hiyo ndiyo hutoa maneno ya waigizaji, kwa hiyo mpenda sinema inamfaa. Ya pili ni ya spika mbili tu, lakini nzito, na kwa muziki haina mpinzani. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye hiyo ya spika tano, asikie maneno bila kuamsha mtaa. Yeye alitaka itakayomfaa kwa yote, sinema na nyimbo zake.

Fundi akaweka kwaya kwenye ile nzito. Sauti za wanaume zikaanza, mume wangu akatikisa kichwa kwa raha, kiganja amekilaza juu ya spika. Kisha wanaume wakanyamaza, akabaki dada mmoja wa sauti ya kwanza anaimba peke yake, juu kabisa, mpaka mwili ukanisisimka.

Mume wangu akamgeukia fundi akauliza, "Mbona umezima?"

Fundi akanitazama. Dada wa watu bado anaimba. Sijui maneno niliyatoa wapi, nikasema kwa nguvu, "Stima imeruka kidogo." Fundi naye akaitikia, "Ni kweli, Mwalimu, si unaijua stima yetu." Mume wangu akacheka. Akachagua hiyo nzito, akaomba awekewe mpaka Jumamosi.

Njiani nilitembea nyuma yake. Nilikumbuka mama mmoja wa kwaya aliyenijia nyumbani, akaniambia, "Mama Mwalimu, siku hizi Mwalimu anatupandisha sana, koo zinatukauka. Lakini nani atamwambia?" Kwetu mwalimu wa kwaya hasahihishwi. Akitoa noti, mnapanda naye hata kama inawapasua. Akanieleza kwamba wa sauti ya kwanza wakishindwa kufika, wanafungua midomo tu bila kutoa sauti, na Mwalimu anawapongeza kwamba leo wameimba vizuri. Wakati ule nilidhani ni majungu ya kwaya, nikampa chai akaenda zake.

Jana jioni tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Akaanzisha wimbo tulioimba siku ya harusi yetu. Nikampokea kama zamani, tena nilipaza sauti kwa makusudi, mpaka mama wa maziwa akachungulia juu ya ua. Yeye alikuwa ananitazama mdomo. Tulipomaliza akaniambia taratibu, "Zamani ulikuwa unaniimbia. Siku hizi unafungua mdomo tu."

Hakuwa na hasira. Alirudi kwenye mahindi yake, na mimi nikabaki na gunzi mkononi.

Nikimwambia ukweli, ni mimi mkewe nitakayemvua ualimu, na sijui kama atabaki mtu yule yule bila kwaya. Nikinyamaza, anaendelea kuamini kuna mwingine ninayemnong'onea. Jumamosi fundi anatungoja, na mimi nataka siku hiyo twende hospitali akapimwe masikio, ila kila nikikaribia kusema najikuta namuuliza habari za shamba. Ndugu zangu, waliopitia haya nishikeni mkono. Nimwambieje huyu mume wangu kwamba bado namwimbia?