Mishororo Mitatu ya Bibi

Riwaya nyingi ninazozipenda, vichwa vyake vimechotwa kwenye mashairi. Mwandishi anamega kipande cha mshororo, anakiweka kwenye jalada, na mimi kwa ubishi wangu situlii mpaka nilitafute shairi lenyewe nilisome lote. Kwa hiyo nilipomaliza riwaya yangu, hapa Iyunga, sikuumiza kichwa. Niliiita Mlango Sijaufunga.

Maneno hayo ni ya bibi mzaa mama. Watu wake walitoka pwani kuja kufanya biashara Iringa, naye akaja na mashairi yake. Tulipokaa uani kwake, mtaa wa Mlandege, kuchambua mchele wa shughuli, alighani mishororo mitatu peke yake huku akichomoa vijiwe, nasi tukaitikia wa nne, kituo: Ukipita bisha hodi, mlango sijaufunga. Tulikipigia kelele kituo chetu mpaka majirani wakacheka.

Mhariri alikipenda kichwa. Akataka ubeti mzima, auweke ukurasa wa mbele. Hapo ndipo nilipojikuta mikono mitupu. Bibi alishafariki, na mishororo yake mitatu sikumbuki hata neno.

Nikapanda basi kwenda Iringa kwa mama mdogo, binti yake wa mwisho, anayeishi katika nyumba ileile. Nilimkuta na ungo mapajani.

"Mwanangu, hata mimi sijui," alisema. "Ya mama yalikuwa ya mama. Sisi kazi yetu si ilikuwa kuitikia tu?"

"Alikuwa anamwambia nani abishe hodi?"

"Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nasubiri zamu yangu."

Nilipata hasira. Si kwake yeye. Kwetu sote tuliokaa pale na masikio mazima. Siku zote namkumbuka bibi, lakini siku ile nilitamani awepo nimuulize mwenyewe.

Nikavuta ungo wa pili, tukachambua mchele. Baadaye mama mdogo akainua uso kuelekea alipokuwa akikaa bibi, akangoja kiasi cha mtu kughani mishororo mitatu, kisha tukaitikia pamoja.

Mhariri anasema wasomaji watadhani ni kosa la uchapaji. Wadhani tu. Ukurasa wa mbele una kituo peke yake, kimekaa chini kabisa. Nafasi iliyo juu yake ni ya bibi.