Kujengewa Uwezo, Isiolo

Kuna maneno mawili yaliyonichosha kazini kuliko vumbi la Isiolo: kujengewa uwezo. Nimejengewa mara nyingi hivi kwamba ningekuwa nyumba, ningeshakuwa ghorofa.

Nilikuwa mpimaji katika maabara ndogo ya mifugo wakati mradi mmoja wa wafadhili ulipotuletea mashine ya kupima magonjwa kwa vinasaba. Mafunzo yakafanyika hotelini, kwa sababu hotelini kulikuwa na projekta na chai ya saa nne. Mashine tuliitazama kwa picha ukutani, ilhali yenyewe ilikuwa kwenye sanduku lake, safari fupi tu ya boda kutoka pale. Nilimwuliza mkufunzi, mgeni mpole asiyependa kubishana, "Ikiharibika, nani ataitengeneza?"

"Hilo liko kwenye awamu ya pili," akasema.

Awamu ya pili haikuja. Siku moja stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na mashine ikafa. Waliouuzia mradi mashine hiyo wakasema fundi wao wa karibu yuko nchi nyingine. Tukaifunika kitambaa. Wageni wakija, tunakitoa ili wapige nayo picha.

Basi nikarudi kwa hadubini yangu ya zamani. Wakati huo alikuja msichana wa Chechelesi, mtaa wa hapa hapa Isiolo, amemaliza chuo, anatafuta mahali pa kujifunzia kazi. Vimelea vya damu alikuwa amevisoma na kuvifanyia mtihani, lakini hajawahi kuviona vikiwa hai. Nilimfundisha kutandaza tone la damu kwenye kioo, kulitia rangi, na kutokimbilia jibu. Alikuwa mkaidi kwa namna niliyoipenda: nikimwambia kitu, hakiandiki mpaka akione mwenyewe.

Asubuhi moja mzee mfugaji alituletea damu ya ngamia wake kwenye chupa. Ngamia walikuwa wamekonda, majike wanatupa mimba, na alikuwa amewadunga kila dawa aliyouziwa sokoni. Nilitazama, sikuona kitu.

"Madam, hii damu imekaa sana," msichana akasema. "Twende tutoe ingine huko huko."

Tukabeba hadubini kwa gari la mzee mpaka kwenye boma lake. Katika damu mbichi vimelea vikaonekana, vinajinyonganyonga katikati ya chembe. Msichana akamwita mzee aweke jicho.

"Hawa ndio wanamaliza ngamia zako."

Mzee alitazama kwa muda mrefu. "Kumbe nilikuwa napigana na mtu sijamuona," akasema.

Tukatafuta dawa inayofaa, na wengi wa ngamia wale wakapona. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama wiki hiyo.

Kwa majivuno niliandika habari hiyo kwenye ripoti. Nairobi wakaisoma. Mradi ule ule uliokuja kutujengea uwezo ukamchukua msichana wangu, akawe mratibu wa mafunzo, katika ofisi isiyo na hadubini hata moja.

Alikuja kuniaga, hataki kuketi. "Madam, ningekaa kibarua mpaka lini? Nimeomba kazi kwa kaunti mpaka nikachoka. Na nyumbani wananiangalia mimi."

"Nenda," nikamwambia. Hasira nilikuwa nazo, lakini hazikuwa zake.

Baada ya muda tukaitwa kwenye semina nyingine. Mada: jinsi ya kuzuia wataalamu wasihame mashinani. Nilivumilia mpaka saa za maswali, nikasimama. Nikasema sitaki kufundishwa tena. Nataka mpimaji mmoja wa kudumu, na fundi wa mashine anayeishi Kenya hii.

"Mawazo mazuri sana," mwenyekiti akasema. "Tutayatia kwenye mapendekezo." Kisha tukaitwa kula.

Nilirudia maneno hayo katika kila kikao, hadi watu wakawa wakiniona nikisimama wanaanza kutazama simu. Hatimaye nafasi ya mpimaji ikatoka. Nilimpigia msichana, yeye akiwa wa kwanza kuambiwa.

"Ni ya kudumu?" akauliza.

"Ni ya miezi sita."

"Basi madam, mwambie huyo anayekuja asinunue kitanda."

Nilicheka, nikakata simu, nikakaa pale dirishani nimekasirika mpaka adhuhuri.