Fundo la Pili

Kwa nini mtu afunge mafundo mawili kwa safari ya kulala nje siku nane? Nilimwuliza Bibi, nikamwuliza Baba, mwishowe nikajiuliza mwenyewe, na sikupata jibu. Nilikuwa nimerudi Chiwata kwa likizo kutoka chuo kikuu kule Uganda, na enzi hizo nikikosa jibu niliona ni uvivu wa mtu mwingine.

Safari ilikuwa wazo langu. Mradi wa karanga wa Nachingwea ulipofungwa, magari yao yaliuzwa kwa yeyote aliyeyataka, na Baba, aliyekuwa mwalimu, akapata pikapu isiyo na kioo upande mmoja. Yeye aliiona kama gari la kubebea korosho. Mimi nikaona pwani. Habari za Kilwa nilikuwa nimezisoma nikiwa mbali, katika vitabu vilivyoandikwa na Wazungu, na niliona aibu kwamba wao wamefika na mimi sijafika.

Nikanakili ramani, nikaandika orodha. Newala, Mikindani, Mtwara, Lindi, Kilwa. Mikindani tungeona boma la Wajerumani, Mtwara tungekanyaga mchanga wa bahari. Lindi kulikuwa na hekalu la Wahindi. Baba alisema haingii, nami nikalipigia mstari kwa sababu hiyo. Kilwa ngome. Pembeni mwa kila mji niliandika cha kula: pweza, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka.

Na nilitaka Bibi aende. Bibi ni mama yake Baba, na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho; la kushoto lilikuwa limeshakuwa jeupe kabisa. Alisema hajawahi kuiona bahari. Nilitaka aione kabla la kulia nalo halijafunga. Kilwa ingeweza kunisubiri. Jicho lisingeweza.

Nilimsomea orodha asubuhi, barazani, akiwa anamenya ming'oko, mizizi ya porini ambayo kwetu huchemshwa na kuliwa hivyo hivyo. Akaweka kisu chini, akachana ukamba wa gome. Watu wa zamani wa kwetu hawakuwa na kalenda ya ukutani. Msafiri alifunga mafundo kwenye kamba, moja kwa kila usiku atakaolala nje, akaiacha kwa mke wake au mama yake. Huyo alifungua fundo moja kila asubuhi. Kamba ikinyooka, unaanza kutazama njiani.

"Haya, mke mwenzangu, soma," Bibi alisema. "Usiku wa kwanza wapi?"

"Newala, Bibi."

Akafunga. "Chukueni maji. Kule juu hakuna maji."

"Tuna gari, Bibi."

"Kwani gari halinywi?"

Baba alicheka. "Linakunywa kutushinda sote, Mama."

"Chukueni maji," alirudia. "Mtoto akililia maji anapigwa."

"Anapigwa na nani?" nikauliza.

Fundo la pili alilifunga kabla sijasema tutalala wapi. Niliposema Mikindani, aliiweka kamba mapajani, akachukua kisu chake.

"Bado sita, Bibi."

"Mimi nimemaliza."

"Hujamaliza. Bado Mtwara, bado Lindi…"

"Nimemaliza. Wewe uliyesoma, endelea kufunga."

Baba hakucheka tena. Tangu siku hiyo gari lilianza kuumwa kila asubuhi. Mara breki, mara rejeta, mara tairi limekula upande. Nilijua anachofikiri: kamba ya kulala mara mbili maana yake usiku wa tatu hatutakuwapo. Mwalimu wa hesabu, msomaji wa Injili kila Jumapili, anaogopa kamba!

"Bibi hajui kuhesabu zaidi ya hapo," nilimwambia. "Ndiyo maana yake yote."

"Mikorosho ya shamba lile anaijua mmoja mmoja," alisema. "Na usimseme mama yangu hivyo."

Moyoni sikukubali. Hata hivyo nilianza kumwangalia Bibi. Alikuwa ameacha kutania. Aliweza kukaa na ming'oko mkononi, kisu kimesimama, jicho lake zima likitazama upande wa mashariki ambako hakukuwa na kitu ila mikorosho. Siku moja akauliza:

"Huko Mikindani, wanawake wazee wapo bado?"

"Wazee wapo kila mahali, Bibi."

"Wa rika langu?"

"Nitajuaje?"

"Si umesema umeisoma Mikindani?"

"Nimesoma boma lake."

Akafikiri. "Na hilo boma, mlango wake unafungwa kwa ndani au kwa nje?"

Swali hilo nililiandika kwenye ukingo wa orodha, nikawachekeshe wenzangu chuoni. Kesho yake akasema atakwenda.

"Nitafika mpaka fundo la pili," alisema, akajifunga ile kamba kwenye kifundo cha mkono.

Mimi nilifurahi. Baba alikwenda kukagua breki kwa mara ya mwisho, akakaa chini ya gari muda mrefu kuliko breki zilivyohitaji.

Tulipita Masasi mapema, milima ya mawe ikabaki nyuma yetu. Tukapanda uwanda, tukalala Newala kwa ndugu. Asubuhi, kabla hatujaondoka, Bibi alijaribu kufungua fundo la kwanza, akalifungua. Tukaingia barabara ya kushuka pwani. Kilikuwa kichaka kitupu, kimesongamana pande zote mbili kiasi kwamba hata mbuzi angetafuta pa kupenya, na hatukuvuka kijito hata kimoja. Tulikaa watatu mbele, Bibi katikati. Hakuweza kuona zaidi ya kioo cha gari, lakini alianza kututangulia.

"Sasa inapinda kushoto," alisema, na barabara ikapinda kushoto.

"Sasa kuna mchanga mwekundu, miguu inazama."

Pikapu ikazama, ikavuma, ikatoka. Baba alinitazama juu ya kichwa cha Bibi. Mimi nikatazama ramani. Mahali hapo ramani yangu ilikuwa nyeupe.

"Bibi, umewahi kupita hapa?"

"Sijawahi kufika pwani."

"Sikuuliza pwani."

"Mimi nimejibu pwani. Mwanangu, simama."

Baba akasimamisha. Bibi aliteremka akishika mlango, akatembea mpaka ukingo wa kichaka na kusimama pale. Akaita jina. Hakupaza sauti; aliita kama unavyomwita mwenzako aliye jikoni. Akangoja, akaita tena. Jina lenyewe sikuwahi kulisikia katika ukoo wetu. Nilisikia injini ikipoa, tiki, tiki, na ngozi ya mikono yangu ikasisimka, jambo nililolikasirikia papo hapo.

Akakaa chini, akaanza kuhangaika na fundo la pili. Lilikuwa limekaza. Nikainama nimsaidie.

"Usiguse!"

Vidole vilijaribu, vikashindwa. Akaacha. "Nirudishe," akamwambia Baba.

"Bibi, tunafika leo leo," nilisema. "Bahari iko hapo mbele. Jicho lako…"

"Jicho langu nalijua."

Baba aligeuza gari kwa shida kwenye njia ile nyembamba, mbele, nyuma, mbele, majani yakikwaruza milango. Njia nzima ya kurudi nilisema maneno ambayo leo ningelipa niyarudishe: kwamba Waingereza watafunga mizigo yao na kuondoka, nasi tutabaki tunatawaliwa na kamba ya gome. Usiku wa tatu tulilala Chiwata, wazima wote, nami nikahakikisha Baba amelisikia hilo kutoka kinywani mwangu.

Jicho la kulia lilifunga mvua zilipoanza. Bibi alifariki mwaka uliofuata, nikiwa chuoni. Baba aliniandikia kwamba kamba walimkuta nayo mkononi, na kwamba hakuthubutu kuikata. Pikapu ilibeba korosho mpaka ikafa. Mimi Mikindani nilifika baadaye, peke yangu, kwa kazi. Nikala pweza, nikapiga picha boma.

Jibu sikulipata huko. Nililipata nikiwa mtu mzima mwenye nywele nyeupe, siku tulipotaka kuwawekea Baba na Bibi mawe ya makaburi, nikaenda kanisani kutafuta mwaka aliobatizwa Bibi. Daftari lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni, lakini mstari wake ulisomeka. Karani alikuwa ameandika kwamba ni mtoto wa kike, pacha, aliyeokotwa kichakani ng'ambo ya Newala; msafara wa watumwa ulimwacha hapo baada ya kulala njiani mara mbili, kwa kuwa hakuweza tena kutembea. Pacha wake, aliyeweza, alipelekwa Mikindani.