Injini Iliyopumua kwa Tumbo

"Kama hukuziiba wewe Emukule, basi zimeota miguu zikavuka mpaka kwenda Tororo kula matoke!" Ojiambo alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la kinu, anafoka mpaka mabati yanaitikia. "Injini gani haina vavu za kuvutia hewa? Hata lori bovu kuliko yote hapa Malaba lina vavu!"

"Mzee, kichwa cha injini nilikifungua mbele ya mama mwenye kinu. Hazikuwemo," akajibu Emukule, amechuchumaa, grisi imempanda hadi viwikoni.

"Ulikifungua mbele ya shetani wako! Leo ikifika saa kumi jioni kama hii kitu haijakohoa, tunaenda kwa chifu. Watu wa Malaba wajue mwizi ni nani."

Mama huyo alikuwa Roselida. Kinu kilikuwa chake, aliachiwa na marehemu mume wake, na Ojiambo alikuwa shemeji. Alimtazama fundi kwa jicho la mtu anayetaka kuamini lakini anaogopa kuchekwa sokoni, na jicho hilo lilimchoma Emukule kuliko kelele zote.

Kwani huyu Emukule alikuwa nani? Mtu wa Chakol. Shule aliiona kwa nje tu, siku alipokimbiza ng'ombe aliyeingia kwenye viazi vya mwalimu. Miaka sita alikuwa taniboi, yaani utingo, wa malori ya Kampala, analala juu ya magunia, na huko juu sikio lake likaiva. Lori likiwa bado Bungoma, yeye Malaba anataja silinda inayoumwa. Wengine husema alitaja hata chakula alichokula dereva, lakini hao wanatia chumvi. Ukweli ni kwamba alijua maharagwe tu. Sasa mtu kama huyo akishaitwa mwizi wa vyuma, ni nani atamkabidhi tena hata baiskeli?

Injini yenyewe haikuwa na jina. Kibao chake kililiwa na kutu, na ilikuwa imenyamaza tangu mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Fupi, nene, na gurudumu kubwa ubavuni. Emukule akakipakata kile kichwa cha injini, akakipapasa ndani, kisha akamgeukia Roselida.

"Mama, mwizi akija kwako ataiba mlango. Ataweza kuiba na tundu la mlango?"

"Tundu linabebwaje, wewe?"

"Haya, tia mkono hapa."

Roselida akatia. Laini kama kitako cha sufuria. Hapakuwa na vavu, wala mahali ambapo vavu ingekaa.

"Sasa inavuta hewa kwa wapi?" akauliza.

Emukule akainama juu ya silinda. Ukutani, huko chini, aliona mabaka ya rangi nyingine. Akakwaruza kwa kisu. Ikatoka madini ya risasi, laini kama ugali.

"Nani ameziba hapa?"

Ojiambo akajinyoosha. "Ni mimi! Marehemu alikuwa amelazwa hospitali ya Nangina. Nikafungua hii kitu, nikakuta silinda imejaa matundu. Matundu! Chungu kikitoboka utakiacha? Nikayeyusha risasi ya betri, nikaziba, nikalainisha vizuri kabisa."

"Na vavu siku hiyo uliziona, mzee?"

"Vavu sikuangalia. Niliangalia matundu."

Emukule akakuna risasi yote ikatoka. Kisha akaazima kwa jirani mrija mrefu wa kunywea ajon, ile pombe ya wimbi, akajaza mdomo moshi wa tumbaku na kuupuliza kwenye tundu la chini, tumboni mwa injini, huku Roselida akizungusha gurudumu polepole. Pistoni ikapanda, moshi ukamezwa. Pistoni ikashuka, moshi ukachungulia kwenye tundu la ukutani, ukatoka juu umenyooka.

"Inapumua kwa tumbo!" Emukule akaruka. "Haijaibiwa vavu, haijawahi kuzitaka! Haya ni madirisha yake, na pistoni ndiyo mlango. Pistoni ya lori hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake. Hii ikipanda na kushuka mara moja tu, moto!"

Hapo akafanya kazi kama mtu wa mikono mitano. Ringi za pistoni akaziosha kwa mafuta ya taa, akazipanga kila moja kwenye kijipini chake, isije ncha ikanasa dirishani na kuvunjika. Pale ekseli inapotokea tumboni akafunga ngozi ya mbuzi iliyolowa mafuta, pumzi isivuje. Gasketi akaikata kwenye karatasi ya mfuko wa simiti.

Saa kumi kasorobo, nusu ya Malaba ilikuwa nje ya banda, imeitwa na Ojiambo ije imwone mwizi. Emukule akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Ikapiga chafya, ikashika, lakini gurudumu likakimbia kinyumenyume.

"Imerogwa!" Ojiambo akacheka.

"Cheka, mzee! Umewahi kuona lori likinguruma kinyume hivi? Ni hizi za madirisha tu zinaweza kwenda huku na huku." Akaizima, akaivuta upande wa pili.

Du! Du! Du! Du! Moshi ukapanda mweusi, ukavuka mpaka wa Uganda bila kuonyesha karatasi kwa askari yeyote. Kuku wa Tororo wakadhani jua limezama, wakaingia kulala. Anayebisha akawaulize hao kuku. Mkanda ukalia, kinu kikazunguka, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Fundi!" Roselida akaita, kwa sauti ya kushinda injini. Hakuwahi kumwita hivyo. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Watu ni hawa, umewakusanya mwenyewe. Waambie sasa aliyeua hii injini ni nani."

Ojiambo akakohoa. "Shemeji, mimi ile risasi, ukweli ni kwamba..."

"Hodi!" Mwanamke akaingia ameinama, debe la mahindi kichwani, vumbi hadi magotini. "Nimeisikia nikiwa Chakol. Nani ananisagia?"