Mzee Rubani na Safari ya Jeddah

Miaka ile maajenti walipokuwa wakisafirisha vijana wengi kutoka Kenya kwenda Saudia, nami nilikwenda kama dereva. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mzee mwenye nyumba Al-Suwaidi, Riyadh. Siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa nyuma wa gari. Akaupita, akafungua wa mbele, akaketi kando yangu.

"Huko nyuma mtu haoni kitu," akasema kwa Kiingereza.

Nilimwita Baba, kama wote pale nyumbani. Ilipita miezi kabla sijajua kwamba alikuwa mmoja wa marubani wa mwanzo wa jeshi la nchi yake, maana hakuwa mtu wa kujisifu. Nilijua nilipomuuliza kuhusu kovu la kidevuni. Akanieleza kwamba injini ilimzimikia juu ya jangwa akiwa amebeba askari, akaishusha ndege kwenye uwanda wa changarawe. Hakufa mtu. Walikaa kivulini mwa bawa, wakigawana maji kidogo kidogo, mpaka wakapatikana.

"Uliogopa, Baba?"

"Nilipokwisha kutua, ndiyo. Kabla ya hapo nilikuwa na kazi."

Alipotoka jeshini, yeye na fundi wake wa ndege, mtu mweusi mzaliwa wa Ghulail kule Jeddah, walifungua kibanda cha vipuri katika mtaa huo. Kibanda kikazaa duka, duka likazaa malori. Fundi alikuwa amekwisha kufariki, lakini wanawe walikuwa bado wabia, na Baba hakufika Jeddah bila kwenda kwao kunywa chai.

Mwaka mmoja jeshi lilimwalika Jeddah kwenda kuheshimiwa mbele ya marubani vijana. Daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege kwa sababu ya moyo, basi tukaenda kwa gari. Tulipokuwa tumevuka nusu ya njia, dhoruba ya mchanga ikatufunika mchana kweupe. Niliingia kituo cha mafuta, nikazima gari.

Simu ya Baba ikalia. Alikuwa mwanawe mkubwa aliyeishi Jeddah, na sauti yake ilijaa gari zima. "Mwambie dereva aende polepole, lakini asisimame. Wakubwa wanakungoja."

Kiarabu changu kilitosha kuelewa. Ikama yangu, yaani kibali cha kuishi nchini, na kazi yangu, vyote vilikuwa mikononi mwa familia ile.

Baba akanigeukia. "Unaona nini mbele?"

"Mafi, hakuna kitu, Baba. Hata boneti siioni vizuri."

"Kwa hiyo?"

"Tukae."

Akairudia simu. "Anayeendesha ni yeye. Amesema tukae. Halas, basi." Akakata, akaegemeza kichwa, akalala usingizi kabisa.

Mchanga ulipotulia tuliendelea. Hatukwenda mbali tukakuta malori yamegongana, na magari madogo yamejibana nyuma yake. Tulifika Jeddah, nyumbani kwa mwanawe yule, mtaa wa Al-Safa, sherehe imeahirishwa hadi asubuhi. Mwanawe alikuwa amesikia habari za ile ajali. Alinipa mkono, akaushika kwa muda.

Asubuhi, kwenye kambi ya jeshi, ofisa mmoja alinionyesha sehemu ya madereva kusubiri. Baba akanishika mkono. "Huyu ndiye aliyenileta," akasema, tukaingia pamoja.

Alipoombwa kuzungumza, hakusimulia jangwa wala kovu. Aliwaambia wale vijana kwamba aliwahi kuruka na watu hodari kuliko yeye, na kwamba baadhi yao aliwazika kwa sababu waliona aibu kuchelewa. Halafu akanyoosha kidole nilipokaa. "Jana yule alinichelewesha. Mtazameni vizuri."

Ukumbi mzima ukageuka. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Marubani wale, katika sare zao zilizonyooshwa, wakanipigia makofi, nami nikasimama nikiwa na suti yangu ya pekee, ile niliyoshonewa nyumbani kwa ajili ya safari ya Uarabuni. Sijawahi kusimama wima kama siku ile.

Jioni nilimpigia mama simu Kitale, nikamweleza yote.

"Na wewe hasa ulifanya nini?" akauliza.

"Nilisimamisha gari, mama."

"Nitawaambia akina mama wa kanisani," akasema, na Jumapili iliyofuata aliwaambia kweli.